Nimemtolea mdogo wangu figo: haya ndiyo niliyoyaona kwenye vipimo vya picha (uzi mrefu)

#1 Mwalimu wa Tabora

Habari za jioni wana jukwaa.

Huu ni mwaka wa 4 tangu nimtolee mdogo wangu figo. Tangu wakati huo haupiti mwezi sijapigiwa simu na mtu nisiyemjua, amepewa namba yangu na jirani au na mtu wa kanisani. "Dada, shemeji yangu anasafishwa damu, wameniambia nikapimwe, naogopa." Nikimuuliza anaogopa nini, wachache husema kisu. Wengi wanaogopa vipimo vyenyewe. Wanaogopa mashine, wanaogopa mionzi, wanaogopa kwamba wakishaingia mle ndani hawawezi tena kusema hapana. Nimeeleza kwa simu mpaka sauti imekauka, leo naandika.

Mdogo wangu ni seremala. Presha ilimharibia figo bila yeye kujua, akaishia kwenye mashine ya kusafisha damu mara 3 kwa wiki, saa 4 kila akienda. Anayejua maisha hayo anajua. Siku ya mashine umechoka, kesho yake unajikusanya, keshokutwa unarudi.

Zamani tungeambiwa tutafute safari ya India. Sasa inafanyika hapa hapa: Muhimbili walianza Novemba 2017 pamoja na wataalamu wa India, na Benjamin Mkapa kule Dodoma wakaanza 2018 pamoja na Wajapani. Kwetu figo inatoka kwa ndugu aliye hai. Yaani inatoka kwa mtu ambaye haumwi chochote, kaingia hospitali kwa miguu yake. Ndiyo maana vipimo ni vingi hivyo. Kabla hawajauliza kama figo yako itamfaa mgonjwa, wanauliza kama wewe ukibaki na moja utakuwa salama.

Vya damu na mkojo sivielezi sana: kundi la damu, kulingana kwa tishu, sukari, protini kwenye mkojo, presha ya saa 24. Nilivipita. Halafu zikaja picha, na hapo ndipo nilipojifunza mambo.

Nilikuwa nimeshapigwa altrasaundi kwenye kituo kimoja binafsi kabla ya kwenda. Ilichukua dakika 5. Wakaandika "figo zote mbili ni za kawaida", nikamtumia mdogo wangu picha ya ile karatasi, tukalia kwa furaha kwenye simu. Daktari wa hospitali ya kupandikiza aliisoma, akaikunja taratibu, akaniambia, "Mwalimu, hii inatuambia una figo 2 na hazina mawe. Ni habari njema. Lakini haijatuambia damu inaingiaje."

Sikumwelewa mpaka siku ya CT, ile mashine ya eksirei inayopiga picha za ndani ya mwili vipande vipande.

Kipimo chenyewe kilikuwa hivi. Sikula asubuhi. Nikaulizwa kama nina mzio, kama nina pumu, kama nina mimba, dawa ninazotumia. Nikawekewa sindano mkononi, ile ya plastiki inayobaki. Nikalala chali kwenye kitanda chembamba kinachoteleza, mikono juu ya kichwa kama mtu anayejisalimisha. Mashine yenyewe ni duara kubwa lenye tundu pana, huzamishwi mahali peusi kama watu wanavyosimulia. Mtaalamu akatoka, akabaki kwenye spika: "Mama, sasa dawa inaingia, utasikia joto." Wapendwa, joto hilo lilianzia kooni, likashuka kifuani, likafika chini, nikadhani nimejikojolea. Kwa aibu nikapeleka mkono pale shukani. Pakavu kabisa. Kumbe kila mtu husikia hivyo. "Vuta pumzi. Zuia." Kitanda kikateleza. "Pumua." Mara 3 au 4 hivi, katikati nikasubiri dakika kadhaa, wakapiga ya mwisho. Nikaambiwa ninywe maji mengi siku hiyo. Basi.

Wiki iliyofuata daktari aligeuza kioo cha kompyuta upande wangu. Nilikuwa nimejiandaa kuona picha nyeusi na nyeupe zisizoeleweka. Nikaona kama mti. Shina kubwa likishuka katikati, matawi yakitoka pembeni, na mwisho wa matawi figo 2 zimening'inia. Akaushika mti ule kwa kipanya, akauzungusha, tukauona kwa nyuma. Akasema, "Hesabu matawi yanayoingia kila figo."

Kulia nikahesabu 1. Kushoto nikahesabu 1, akasema angalia tena. Kulikuwa na la pili jembamba juu, na la tatu chini kabisa, dogo kama uzi.

Akanieleza kwamba madaktari wa upasuaji hupenda figo ya kushoto kwa sababu mshipa unaorudisha damu upande huo ni mrefu, wana mahali pa kushika na kushona. Wa kulia ni mfupi, sentimita 2 hadi 4 hivi. Lakini mishipa 3 ya kuingiza damu maana yake ni kushona mara 3 wakati figo haina damu. Na kile kiuzi cha chini ndicho kibaya kukipoteza, kwa kuwa mara nyingi ndicho kinacholisha mrija unaopeleka mkojo kwenye kibofu. Ukikikata bila kujua, figo inakaa vizuri, halafu siku kadhaa baadaye mrija unaoza na mkojo unavujia tumboni kwa mgonjwa.

Nikamuuliza watu wangapi wako kama mimi. Akaniambia wengi tu, karibu robo ya watu wana mshipa wa ziada upande mmoja au mwingine, na hawatajua mpaka wanazikwa, kwa kuwa haumsumbui mtu.

Kikabaki kipimo kimoja, cha kupima kila figo inafanya kazi kiasi gani. Wakanichoma dawa yenye mionzi kidogo, nikalala chini ya kamera karibu nusu saa. Jibu: kushoto asilimia 53, kulia 47. Akaandika kwenye faili, akafunga kalamu, akasema sentensi ambayo ndiyo imenileta hapa usiku huu:

"Inatoka ya kulia. Ile iliyo nzuri zaidi inabaki kwako."

Nilidhani natakiwa kutoa kilicho bora, mgonjwa si ndiye mwenye shida? Akasema hapana, hilo halina mjadala. Tofauti ikiwepo, yenye nguvu inabaki kwa mwenye nayo.

Nauliza wenzangu mliopitia na wataalamu mlioko humu: ongezeni, sahihisheni. Na wenye maswali ulizeni bila aibu.

#2 Kinda la Kanda ya Ziwa

Nimeweka kambi hapa. Mungu akubariki dada, mtu kumtolea ndugu kiungo si jambo dogo.

#3 Mzee Chuma

Mleta uzi, hongera na pole. Swali langu mimi ni la mionzi. Huyu mtu ni mzima, anatoa figo, halafu unampiga CT mara 4 na juu yake dawa ya nyuklia. Si wanamuumiza na ile figo moja anayobaki nayo? Kijana wangu ndiye anataka kumtolea mama yake, nami ndiye ninayezuia. Sikatai asitoe. Nataka kujua.

#4 Rediografa Mstaafu

Shikamoo Mzee Chuma kama umenizidi, na marahaba kama nimekuzidi. Nimekaa kwenye vyumba vya mionzi zaidi ya miaka 30, swali lako ni la mtu anayempenda mwanawe, acha nilijibu kwa utulivu.

Kwanza mionzi haiendi kuharibu figo. Shaka ya mionzi ya CT ni ongezeko dogo la hatari ya saratani miaka mingi mbele. Sote tunapokea mionzi ya asili kutoka ardhini na angani, wastani wa dunia ni kama milisiveti (kizio cha kupimia mionzi) 2.4 kwa mwaka. CT ya mchangiaji, kwa kuwa inapigwa kwa awamu, inaweza kuwa sawa na miaka kadhaa ya hiyo. Si sifuri. Ndiyo maana kituo kizuri hakipigi awamu isiyo na kazi. Ya kwanza bila dawa, inatafuta mawe. Ya pili sekunde 20 hadi 30 baada ya dawa kuingia, wakati mishipa ya kuingiza damu inawaka. Kisha ya mishipa ya kurudisha. Ya mwisho baada ya dakika 5 hadi 10, mkojo wenye dawa umeshajaa mirija, unaona kama mrija ni mmoja au wamezaliwa nayo miwili. Sehemu nyingine huunganisha awamu ili kupunguza. Unaruhusiwa kabisa kuuliza, "Mtapiga awamu ngapi, na kwa nini?"

Pili, hiyo dawa ya rangi ina iodini. Kwa mtu ambaye figo zake tayari ni dhaifu tunakuwa na hadhari kubwa. Kwa mwenye figo nzima hatari ni ndogo sana, na huyu kabla hajafika kwangu kipimo cha damu cha kreatinini, yaani uchafu ambao figo huuchuja, kimeshafanywa. Anywe maji. Kama ana mzio wa dawa hiyo aseme mapema, asijifanye shujaa.

Tatu, ile ya nyuklia. Dawa inaitwa DTPA, inabebeshwa teknishiamu, kitu chenye mionzi ambacho nusu yake huisha kila baada ya saa 6. Kesho yake imebaki chembe. Mionzi yake ni kidogo kuliko ya CT.

Yupo anayeuliza kwa nini wasitumie MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, haina mionzi hiyo kabisa. Inatumika, hasa kwa mwenye mzio wa iodini. Lakini vile viuzi kama alichokuwa nacho Mwalimu, CT inaviona vizuri zaidi. Na mashine za CT ziko nyingi nchini kuliko za MRI.

Sasa niwaambie kitu ambacho vijana hawakijui. Kabla ya CT za namna hii, kuanzia kwenye miaka ya 1990 kurudi nyuma, mchangiaji alitobolewa kwenye mshipa wa kinena, akaingizwa mpira mwembamba mpaka kwenye mshipa mkuu wa tumboni, ndipo dawa ikapulizwa na picha zikapigwa. Analala hospitali, mguu hausogezi, na mara moja moja mshipa ulivuja au uliumia. Yote hayo kwa mtu mzima asiyeumwa, kwa ajili ya kuhesabu matawi. Nikiona leo mtu analala dakika 15, anaamka, anavaa viatu, anaenda kunywa chai, nafsi yangu inatulia. Na mmoja wa waliofungua njia ya CT, Allan Cormack, alikuwa mtu wa Afrika Kusini, wazo lilimjia akifanya kazi hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956. Akashiriki tuzo ya Nobel 1979 na Mwingereza Hounsfield. Hilo huwa nawaambia wanafunzi wangu kila mwaka.

#5 Mzee Chuma

Marahaba mdogo wangu, nina 71. Nimeelewa. Asante kwa kunijibu kama mtu.

#6 Nyakio wa Nakuru

Hamjambo kutoka Kenya. Nataka kuongezea la familia yetu, kwa sababu si kila mtu presha ndiyo ilimharibia figo.

Baba yangu alikuwa na ule ugonjwa wa figo kujaa vifuko vya maji. Ni wa kurithi: kila mtoto ana nusu kwa nusu. Figo zake zilikuwa kubwa mpaka ungezishika kwa mkono juu ya tumbo. Tulipoambiwa anahitaji figo mimi nilikuwa na miaka 27, nikajitokeza. Altrasaundi ikaja safi. Haina kifuko hata kimoja. Nikajua nimepita.

Daktari akakataa. Akaniambia katika umri wangu vifuko vinaweza kuwa vidogo mno altrasaundi isivione, na hatachukua figo kutoka kwa mtoto ambaye miaka 15 baadaye naye atakuwa kwenye foleni. Akanipeleka MRI. Kwa mtu wa chini ya miaka 40 aliye na mzazi mgonjwa, MRI ikionyesha jumla ya vifuko chini ya 5 wanaridhika kuwa hajaurithi. Mimi walihesabu 14.

Nilikaa kwenye gari kwa muda mrefu kabla ya kuwasha injini. Lakini leo natumia dawa ya presha mapema, nakunywa maji, napimwa kila mwaka. Kaka yangu mkubwa, akiwa na miaka 43, hakuwa na kifuko chochote. Ndiye aliyempa baba.

Ningekuwa nimetoa kwa ile altrasaundi moja, tungekuwa wagonjwa wawili nyumba moja.

#7 Mwalimu wa Tabora

Nyakio, nimesoma yako mara mbili. Pole sana mdogo wangu. Na asante. Wanaodhani kukataliwa ni kutupwa wasome hapo juu.

#8 Jobless Mkweli

Wakuu mimi nina miaka 24, mzima kabisa, sinywi sivuti. Maisha yamenikaba. Kama kuna mtu ana mgonjwa tuelewane, mimi vipimo vyote nitapita. Nicheki PM.

#9 Mwalimu wa Tabora

Mdogo wangu, sikutukani na sitaki mtu humu akutukane. Najua njaa inavyosema. Lakini nikuambie nilichokiona. Mimi nilihojiwa na watu ambao si wa timu ya mdogo wangu: daktari mwingine, mshauri wa saikolojia, mtu wa ustawi wa jamii. Walitafuta kama kuna fedha, kama kuna aliyenilazimisha. Kuuza kiungo ni kosa.

Na tazama jambo lenyewe tunalozungumzia. Wanaonunua figo gizani hawana haja ya kujua ipi ibaki kwako. Hawatakuhesabia mishipa kwa ajili yako, watahesabu kwa ajili ya mteja wao. Hutarudi mwaka kesho kupigwa altrasaundi ya ile iliyobaki. Nimekuandikia PM, lakini ni kuhusu ule mradi wa VETA ambao mpwa wangu alipata nafasi. Nijibu.

#10 Nesi Ughaibuni

Salaam kutoka Uingereza. Mimi ni muuguzi wa wodi ya kupandikiza, mtoto wa Tanga. Nimeona niongeze upande ambao nyumbani bado haujafika, ila unakuja.

Huku figo nyingi zinatoka kwa watu waliofariki. Tofauti yake na yenu ni moja kubwa: aliyefariki hatumwambii arudi wiki ijayo kwa CT. Saa zinakimbia. Figo inatolewa, inaoshwa, inawekwa kwenye barafu ndani ya sanduku, inasafirishwa usiku. Kila saa inayopita pale kwenye baridi inaipunguzia nguvu. Na daktari anayepokea simu saa 9 usiku anatakiwa aamue: niichukue au niikatae?

Kama marehemu alikuwa kijana, uamuzi ni mwepesi. Kama alikuwa na miaka 68 na presha, mtu anaogopa. Njia ya zamani ni baiopsi, yaani kukata kipande kidogo cha figo na kukiangalia kwa darubini. Ina shida zake: inahitaji mtaalamu wa kuisoma usiku ule, inaweza kutoa damu, na figo moja ina vichujio kama milioni 1, nawe umeona vichache tu vya pembeni. Kipande kikionekana kibovu, figo nzima inaachwa. Marekani zaidi ya figo 1 kati ya 5 zinazotolewa kwa waliofariki haziwekwi kwa mtu yeyote. Fikirieni foleni ilivyo ndefu, halafu hizo zinatupwa.

Ndiyo sababu watafiti wanahangaika na picha ambazo hazikati kitu. Niwape 2 ninazozifuatilia.

Moja ni mashine ya mwanga, ile ile ambayo madaktari wa macho huitumia kupiga picha nyuma ya jicho. Inashikwa juu ya figo ikiwa bado kwenye barafu. Mwanga unaingia milimita 1 au 2 tu, lakini ndani ya hapo unaona virija vidogo vya mkojo, kimoja kimoja. Kama viko wazi, vimezunguka vizuri kama sega la nyuki, ni dalili njema. Kama kuta zimevimba na tundu zimeziba, figo imeumia na itachelewa kuamka, mpokeaji atahitaji mashine ya kusafisha damu wiki za mwanzo. Na unaweza kupitisha juu ya figo nzima badala ya kukata sehemu moja.

Nyingine ni MRI ya figo iliyo kwenye mashine ya kuisukumia maji au damu, nje ya mwili. Inaonyesha damu inafika wapi, oksijeni iko kiasi gani, na kama kuna makovu ndani. Makovu ndiyo adui, yakishakuwepo hayatoki.

Zote hizi bado ni za utafiti. Kwenye wodi yangu uamuzi bado unafanywa kwa umri, historia, damu, macho ya daktari wa upasuaji na mara nyingine baiopsi. Nasema hivyo ili mtu asiende kumwambia daktari wake "kuna mashine ya mwanga".

Lakini ile altrasaundi mliyoidharau hapo juu, mimi naiheshimu kuliko zote. Mgonjwa akitoka chumba cha upasuaji, figo mpya iko chini ya ngozi hapa karibu na nyonga, siyo mgongoni ilipokuwa ya zamani. Unaweka kipimo, unaiona yote. Unawasha rangi, unaona damu ikiingia nyekundu na kutoka bluu, unasikia inavyopiga: shuu, shuu, shuu. Usiku mmoja sauti ile ilikuwa hafifu kwa mgonjwa wangu, tukamwita daktari, wakamrudisha chumba cha upasuaji ndani ya saa moja, mshipa ulikuwa umejikunja. Figo ikapona. Altrasaundi, mashine ya kusukuma kwa magurudumu.

#11 Rediografa Mstaafu

Nesi, umenikumbusha kazi. Mkono wa anayeshika kipimo ndio altrasaundi. Dakika 5 za Mwalimu zilikuwa haraka mno, si kosa la mashine.

#12 Abuu Sumayya

Assalaam aleikum. Mimi ndiye niliyekataliwa, na kwa muda mrefu nilikuwa na kinyongo, kwa hiyo niandike.

Nilitaka kumpa mke wangu. Kundi la damu sawa, kila kitu sawa, nina miaka 38, nacheza mpira kila Jumapili. CT ikarudi, nikaitwa peke yangu. Daktari akanionyesha mshipa wa figo ya kulia. Badala ya kuwa laini kama bomba, ulikuwa umebana, umetanuka, umebana, umetanuka. Akasema, "Unaonaje?" Nikasema kama tasbihi. Akasema ndivyo wanavyouelezea, kama shanga zilizotungwa. Ni ugonjwa wa ukuta wa mshipa, mtu anaweza kuishi nao bila dalili, siku moja presha ikapanda ghafla.

Nikamwambia basi toa hiyo hiyo ya kulia, mimi nabaki na ya kushoto ambayo haina kitu. Akaniambia hajui kama ya kushoto itabaki hivyo. Nikanyanyuka nikaondoka bila kuaga, astaghfirullah. Nilimwona ni mtu anayemnyima mke wangu uhai.

Mke wangu alipewa na dada yake miezi 7 baadaye. Mimi presha yangu ilianza mwaka juzi, na kwa kuwa nilikuwa kwenye kliniki ya ufuatiliaji waliikamata mwezi ule ule. Nilirudi kwa yule daktari kumwomba radhi. Hakukumbuka hata kama nilitoka vibaya.

#13 Kinda la Kanda ya Ziwa

Uzi huu ubandikwe juu jamani.

Mods tunaomba.

#14 Mama Dorcas

Mwalimu, naomba kuuliza. Ile figo uliyobaki nayo ikoje sasa? Kwetu wanasema ukitoa huwezi kubeba ndoo, huwezi kulima.

#15 Mwalimu wa Tabora

Mama yangu, ndoo nabeba. Miezi ya kwanza walinikataza vitu vizito kwa ajili ya mshono, baada ya hapo nimerudi shambani.

Na figo yenyewe imekua! Sikujua kama mtu mzima anaweza kukua kitu. Kila mwaka napigwa altrasaundi, wanaipima kwa urefu. Kabla ilikuwa sentimita 10.4, sasa ni 11.6. Wameniambia inapoachwa peke yake inanenepa kidogo na kufanya kazi zaidi, kwa hiyo mtu habaki na nusu ya uwezo, anabaki na kama asilimia 70 ya kazi ya zote mbili. Chumvi nimepunguza, dawa za maumivu za kununua dukani nimeacha, presha napima. Mchangiaji wa kwanza kabisa figo yake kufanikiwa, Ronald Herrick wa Marekani, alimpa pacha wake Desemba 1954, akaishi miaka 56 baada ya hapo. Na yeye hakuwa na CT.

#16 Kijana wa Mzee Chuma

Shikamooni nyote. Mzee ameniachia simu nisome. Amekubali. CT yangu ni Alhamisi. Nifanye nini, nivae nini?

#17 Mwalimu wa Tabora

Marahaba mwanangu! Vaa nguo isiyo na zipu wala vifungo vya chuma, mkanda acha nyumbani. Nenda na mtu wa kukusindikiza ingawa utarudi kwa miguu yako. Mwambie mtaalamu mapema kama ulishawahi kuvimba au kuwashwa kwa dawa yoyote. Joto likija usishtuke, hujajikojolea. "Zuia" maana yake zuia kweli, ukitikisika picha inapata ukungu na wanarudia. Mwisho waombe picha kwenye diski, zikae kwako, siyo karatasi ya majibu peke yake. Na daktari akikuita, mwombe ageuze kioo. Mwambie unataka kuhesabu.

#18 Kijana wa Mzee Chuma

Wapendwa, nimerudi. Alhamisi ilikuwa CT, leo nimeitwa na majibu yote, pamoja na ile ya nyuklia ya juzi. Kioo aligeuza. Kulia mshipa 1, kushoto mshipa 1, mirija ya kawaida, hakuna jiwe. Kazi wamesema 50 kwa 50. Mzee alikuwa nyuma yangu amevaa miwani, akahesabu na yeye.

#19 Rediografa Mstaafu

Alhamdulillahi. Kwa hiyo inatoka ipi?

#20 Kijana wa Mzee Chuma

Ya kushoto. Tarehe watatupigia. Mama ameanza kuuliza bei ya mchele wa kuwapikia wageni.